Pafu Kunywea Ghafla: Nani Yuko Hatarini Zaidi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Watu wengi hapa kwetu hulijua jambo hili siku linapowafika nyumbani. Kijana mzima, hana homa, hana kikohozi, amekaa zake barazani, mara kichomi kinamshika upande mmoja wa kifua na pumzi hazitoshi. Akifika hospitali anaambiwa pafu limenywea, na jamaa wanaanza kuulizana: alibeba nini, alilala wapi, nani alimpiga? Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayoulizwa zaidi na wagonjwa na ndugu zao. Majibu hayachukui nafasi ya daktari aliyekupima, ila yatakusaidia kujua umuulize nini.

Pafu kunywea ni nini hasa?

Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani nao una utando wake. Baina ya tando hizo mbili pana unyevu kidogo tu wa kuzifanya ziteleze. Pafu kwa maumbile yake hupenda kusinyaa. Kinachoiweka nyama yake wazi ni mvuto uliopo baina ya tando hizo. Hewa ikipenya pale katikati, mvuto unakatika na pafu linanywea, pengine kidogo, pengine lote. Madaktari huita hali hiyo nyumothoraksi.

Tukisema limenywea "lenyewe" tunamaanisha hapakuwa na kisu, risasi, ajali ya boda wala sindano iliyotoboa kifua. Hapo kuna mafungu mawili. La kwanza ni la watu ambao mapafu yao hayakuwa na ugonjwa unaojulikana. La pili ni la wale ambao tayari pafu lilikuwa limeharibiwa na maradhi kama kifua kikuu. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mzee mwenye pafu bovu huweza kuzidiwa na hewa kidogo ambayo kijana angeivumilia akiwa anatembea.

Ni nani hasa anayepatwa?

Katika fungu la kwanza, sura ya mgonjwa inajulikana: mwanamume, mrefu, mwembamba, umri wa kati ya miaka 15 na 30 na kitu. Baada ya miaka 40 ni nadra mtu kupatwa kwa mara ya kwanza bila ya kuwa na ugonjwa mwingine wa mapafu. Wanawake pia hupatwa, lakini ni wachache kuliko wanaume.

Urefu una hatari yake kwa sababu mvuto baina ya tando mbili huwa mkali zaidi juu kabisa, kwenye ncha ya pafu, na kadiri kifua kinavyokuwa kirefu ndivyo ncha inavyovutwa zaidi. Hapo ndipo hujitokeza malengelenge madogo ya hewa chini ya utando. Mtu huweza kuishi nayo miaka asiyajue. Siku moja, lengelenge mojawapo linapasuka, au hewa inavuja katika sehemu iliyodhoofika karibu yake.

Mwanangu ana miaka 18, mrefu kama mlingoti, hanenepi hata nikimlisha vipi. Nimpeleke akapigwe picha ya kifua?

Hapana, mama. Vijana warefu wembamba wamejaa mtaani na walio wengi mno hawatapatwa na jambo hili maisha yao yote. Picha ya kawaida ya kifua mara nyingi haiyaonyeshi hata hayo malengelenge. Kumlisha zaidi ili umwondolee hatari hii nako hakuna faida iliyothibitishwa. Ukitaka kumfanyia la maana, hakikisha havuti sigara, na mfundishe kwamba kichomi cha ghafla kinachokuja pamoja na pumzi kubana si jambo la kufichwa wala la kulala nalo.

Sigara inahusika kiasi gani?

Ukinitaka nitaje jambo moja tu kati ya yote yaliyo kwenye ukurasa huu, nitataja sigara. Urefu hukuuchagua, wala ukoo. Moshi unauvuta mwenyewe.

Utafiti uliofanyika Stockholm, Sweden, na kuchapishwa mwaka 1987, ulikuta kwamba mwanamume anayevuta sigara ana hatari mara 22 ya yule asiyevuta, na mwanamke anayevuta mara 9. Kisha walihesabu kwa idadi ya sigara. Wanaume waliovuta sigara 1 hadi 12 kwa siku, hatari ilikuwa mara 7. Waliovuta 13 hadi 22, mara 21. Waliopita 22 kwa siku, mara 102. Soma hesabu hiyo tena uone inavyopanda. Kwa maisha yote, makisio ni kwamba wanaume wavutaji wapatao 12 kati ya 100 watapatwa, na kwa wasiovuta ni kama 1 kati ya 1,000.

Moshi huvimbisha vijinjia vidogo kabisa vya hewa. Vijinjia vikivimba, hewa huingia lakini kutoka inapata shida. Inanaswa mwishoni mwa pafu na kusukuma kuta ambazo moshi huo huo umeshazidhoofisha. Ndiyo maana anayevuta "mbili tatu tu" jioni hayuko salama kama anavyojiambia. Yuko nafuu kuliko mwenye pakiti nzima, basi.

Nataka kusema neno kuhusu Ramadhani, kwa kuwa nimewaona wengi wakiiacha ipite. Mtu anayeweza kukaa bila sigara kuanzia alfajiri mpaka magharibi, siku baada ya siku, ameshaifanya sehemu ngumu ya kazi. Kinachomrudisha ni ile moja ya baada ya futari, inayofuatwa na nyingine barazani hadi daku. Ukiipanga mapema, ukamwambia mkeo au rafiki yako kwamba safari hii hata usiku huvuti, mwezi huo unaweza kukutoa moja kwa moja.

Shisha je? Na bhangi, na muguka?

Shisha kwanza. Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017, na kila mkazi wa Mombasa anajua kwamba haikuondoka. Wengi huamini maji ya chupani huusafisha moshi. Maji huupoza tu. Ni tumbaku ileile, na kikao cha saa nzima humwingiza mtu moshi mwingi kuliko sigara moja. Ladha ya tofaa au mnanaa haibadilishi kinachofika pafuni.

Bhangi ina ubaya wake wa pekee kwa namna inavyovutwa. Mtu hufyonza kwa nguvu, huishikilia pumzi, na mara nyingi huwa ameichanganya na tumbaku. Madaktari wa nchi mbalimbali wameeleza vijana wavutaji wa bhangi waliokutwa na mapovu makubwa ya hewa juu ya mapafu, makubwa kuliko unavyotarajia kwa umri wao. Wanaovuta unga (heroini) nao wamo katika hatari hii. Kwao mimi huhimiza mambo mawili kwa pamoja: kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, na kupimwa kifua kikuu.

Muguka na miraa hutafunwa, haviingii mapafuni, na sijawahi kumwambia mtu kwamba jani ndilo lililonywesha pafu lake. Tazama lakini kinachoendelea kwenye kijiwe cha muguka: sigara inawashwa kwa moto wa sigara, usiku kucha. Tangu kaunti ilipotangaza marufuku ya muguka Mei 2024 mabishano yamekuwa juu ya jani. Kwa mapafu, sigara inayokwenda sambamba nalo ndiyo ya kuogopwa.

Mimi ni hamali. Je, kubeba mizigo mizito ndiko kulikosababisha?

Karibu kila mgonjwa huuliza hivi, awe anasukuma mkokoteni Marikiti au anapakia magunia. Jibu huwashangaza: wagonjwa wengi walikuwa wametulia, wamekaa au wamelala, lilipowapata. Mazoezi na kazi nzito hazijathibitika kuwa chanzo. Kwa hiyo usijilaumu, wala familia isikulaumu. Kukohoa kwa nguvu, kupiga chafya na kujikaza vinaweza tu kulipasua lengelenge lililokuwa tayari lipo, na hata hilo si kwa wengi.

Nina kifua kikuu. Nina VVU. Nina pumu. Hatari yangu ikoje?

Hapa tunaingia fungu la pili, na katika nchi zetu fungu hili lina uzito mkubwa.

Kifua kikuu hula nyama ya pafu na kuacha mashimo. Shimo likiwa karibu na ukingo linaweza kupasukia nje, na hapo huingia hewa pamoja na usaha, jambo linalotaka matibabu ya muda mrefu. Hata aliyepona anaweza kubaki na makovu na mapovu ya hewa yanayomweka hatarini miaka baadaye. Kinga ni kuugundua mapema na kumaliza dawa. Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi. Matibabu ya TB katika hospitali za serikali ni bure, na kwa kawaida huchukua miezi 6. Anayekatiza dawa mwezi wa tatu kwa kuwa amepata nguvu anaupa ugonjwa nafasi ya kurudi na kuendelea kutoboa.

Kwa mwenye VVU, hatari hupanda pale kinga inaposhuka sana, CD4 (hesabu ya chembe za kinga kwenye damu) chini ya 200, kwa sababu huja aina ya nimonia inayosababishwa na kuvu iitwayo Pneumocystis. Nimonia hiyo hutengeneza vishimo kwenye pafu, na mapafu yote mawili yanaweza kunywea. ARV zikitumiwa vizuri, na septrini, dawa ya kukinga nimonia hiyo, kwa aliyeandikiwa, hatari hiyo hupungua sana. Aliye imara kwenye dawa asiishi na hofu.

Pumu kali isiyodhibitiwa inaweza kufika huko, lakini ni nadra. Mwenye pumu ambaye pumzi zimembana ghafla na pampu yake haimsaidii kama siku nyingine, huku upande mmoja unachoma, asikae nyumbani akiongeza pampu.

Kuna na ugonjwa wa mapafu kuziba taratibu, unaowapata wavutaji wa muda mrefu. Unawapata pia kina mama waliopika kwa kuni na makaa katika jikoni zisizopitisha hewa maisha yao yote. Mama wa miaka 60 ambaye hajawahi kushika sigara anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji. Daktari akimuuliza "unavuta?" atasema la, na atakuwa mkweli. Mwulizeni na alipikia wapi.

Kifua huniuma na pumzi hubana kila nikikaribia hedhi. Kuna uhusiano?

Upo, na usikubali mtu akupuuze. Kuna pafu kunywea kunakofuata mwezi wa mwanamke, kwa kawaida katika saa 72 za mwanzo wa hedhi, mara nyingi upande wa kulia, na zaidi kwa wanawake wa miaka 30 na 40. Chanzo ni nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba kukua mahali pasipo pake, pamoja na kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Wengi wao pia huwa na hedhi zenye maumivu makali au shida ya kushika mimba. Ziandike tarehe: siku ya hedhi, siku ya maumivu, upande gani. Karatasi hiyo ikiwa na miezi mitatu humwambia daktari mambo ambayo mgonjwa hakuyakumbuka alipoulizwa.

Ndugu wawili wa tumbo moja wamepatwa. Ni ya kurithi?

Inaweza kuwa. Karibu mmoja kati ya wagonjwa 10 ana jamaa aliyewahi kupatwa. Kuna maradhi ya kurithi yanayojulikana, na unaonishughulisha zaidi ni ugonjwa wa Marfan, unaompata takribani mtu 1 kati ya 5,000, kwa sababu unagusa pia mshipa mkuu wa moyo. Watu hawa huwa warefu sana, mikono yao ikinyooshwa hupita urefu wa mwili, na wengine wana matatizo ya macho.

Unaweza kujitazama. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, ufumbe ngumi juu yake: je, ncha yake inachungulia na kupita ng'ambo ya ngumi, upande wa kidole kidogo? Zungushia gumba na kidole kidogo cha mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono wa pili: je, vinapandana mpaka kucha ya kimoja inafunikwa? Kuwa na dalili hizo peke yake si ugonjwa, ila kwa kijana mrefu ambaye pafu lake limewahi kunywea, ni sababu tosha ya kuomba moyo upigwe ultrasaundi.

Je, upepo wa kusi, baridi au muziki wa matatu unaweza kusababisha?

Baridi "kuingia kifuani" haitoboi pafu. Mabadiliko ya mgandamizo wa hewa yamechunguzwa ng'ambo na matokeo yamegongana. Kuhusu muziki, madaktari wameripoti visa vichache vya watu walioshikwa wakiwa karibu kabisa na spika kubwa. Ni visa vya kuhesabika. Wala kufunga saumu hakuhusiki.

Nitajuaje kwamba ni pafu na si kichomi cha kawaida au gesi?

Angalia namna kilivyoanza. Pafu linaponywea maumivu huja kwa mara moja, mtu anaweza hata kukutajia alikuwa anafanya nini. Yako upande mmoja, ni makali kama ya kuchomwa, na huzidi ukivuta pumzi ndefu. Baadaye maumivu huweza kupungua ingawa pafu bado limenywea, na hapo ndipo vijana hudanganyika wakarudi kulala. Gesi na asidi huwa na habari ya chakula. Nimonia huwa na homa na makohozi.

Haya yafuatayo ni ya kukimbia hospitali saa hiyo hiyo: kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo au kucha kugeuka rangi, moyo kwenda mbio, jasho jembamba, kizunguzungu. Huenda tundu limekuwa kama vali ya tyubu ya baiskeli: hewa inaingia kila pumzi, haitoki, nayo inausukuma moyo upande wa pili. Hali hiyo huua kwa muda mfupi, na tiba yake ya kwanza ni sindano ya kutoa hewa. Nenda hospitali iliyo karibu nawe, iwe Likoni, Port Reitz, Tudor au Coast General, na mlangoni sema wazi: "Kifua upande mmoja, kimeanza ghafla, siwezi kupumua."

Tumjaribu kwanza kwa hijama au mafuta ya habasoda?

Kwa kichomi cha ghafla, la. Hijama, yaani kuumika, ni ya juu ya ngozi. Hewa iliyonaswa ndani ya kifua haitoki kwa huko. Simkatazi mtu na dawa anazoziamini, ila zisubiri mpaka picha imepigwa. Na yeyote asichome sindano ndefu kifuani au shingoni kwa sababu yoyote ile, maana sindano nazo hutoboa mapafu.

Hospitalini watanifanya nini?

Watapiga picha ya kifua. Omba uonyeshwe: utaona mstari mwembamba wa ukingo wa pafu, na nje ya mstari huo weusi mtupu usio na vile vijimshipa vinavyoonekana ndani ya pafu zima. Sehemu nyingine hutumia ultrasaundi.

Kisha inategemea unavyojisikia. Kijana asiye na shida kubwa ya pumzi anaweza kuangaliwa tu, kwani mwili huifyonza hewa yenyewe pole pole, kadiri ya asilimia 1 hadi 2 ya kifua kwa siku. Utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka 2020 ulionyesha kuwa kungoja hivyo kwaweza kufaa hata pafu likiwa limenywea sana, mradi mgonjwa ametulia. Wengine hufyonzwa hewa kwa sindano. Wengine huwekwa mpira ubavuni, baada ya ganzi.

Mpira huo huishia kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda. Maji hupanda na kushuka na pumzi zako, na ukikohoa mapovu hutoka. Hiyo ni dalili kwamba unafanya kazi. Chupa isiinuliwe juu ya kifua hata siku moja, maji yasije yakarudi ndani. Wageni waambiwe wasiisogeze kwa miguu wanapovuta kiti. Mapovu yakiacha na picha ikionyesha pafu limejaa, mpira hutolewa.

Laweza kurudi?

Ndiyo. Kati ya wagonjwa watatu, kama mmoja humrudia, na zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Ukijumlisha tafiti zilizofanywa, walioacha sigara hurudiwa mara chache sana kuliko walioendelea. Likirudi, au likinywea upande wa pili, daktari atazungumzia upasuaji wa kulibandika pafu kwenye ukuta wa kifua.

Nina tiketi ya kwenda Doha wiki hii, na mpira umetolewa juzi.

Ahirisha. Ndani ya ndege mgandamizo huwa sawa na wa mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari, na hewa iliyobaki kifuani hutanuka kwa karibu theluthi. Ushauri wa kawaida ni kusubiri siku 7 tangu picha ionyeshe pafu limejaa kabisa. Najua kazi ya Ghuba ilivyo ngumu kuipata, na ajenti hatafurahi. Mpelekee barua ya daktari.

Jambo wasafiri wa hapa hulisahau: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yetu. Aliye na hewa kifuani akipanda treni ya SGR leo, hewa hiyo itatanuka kwa karibu robo atakapofika juu. Ongea na daktari kabla ya safari ya bara pia.

Mimi huzamia na mtungi, nawapeleka watalii. Nitarudi lini baharini?

Hili ni jibu nisilopenda kulitoa, kwa kuwa ni riziki ya mtu. Aliyewahi kunywea pafu lenyewe hashauriwi kuzamia na mtungi tena. Ukiwa mita 10 chini unavuta hewa yenye mgandamizo maradufu, na ukipanda juu hewa hiyo hutanuka mara mbili. Lengelenge likiwepo linaweza kupasuka ukiwa majini, na nani wa kukutoboa kifua kule? Kuna wachache ambao, baada ya upasuaji wa pande zote mbili na skani kuonyesha mapafu mazuri, daktari wa wazamiaji anaweza kuwaruhusu. Kuogelea juu juu na kuendesha boti ni sawa ukishapona.

Kuna la kuwaambia madaktari wengine baadaye?

Liko, hata miaka 20 ikipita. Ukipelekwa kwa upasuaji wowote, mwambie mtu wa nusukaputi kwamba pafu lako liliwahi kunywea, la upande gani na mwaka gani. Mashine ya kupumulia husukuma hewa ndani kwa nguvu, na baadhi ya gesi za nusukaputi huongeza ukubwa wa hewa iliyonaswa. Akijua mapema ataipunguza nguvu, atachagua gesi nyingine, na ataweka vifaa vya kutoa hewa kifuani karibu na mkono wake.